Nati Nane

Mwalimu aliteremka kwenye basi saa nne asubuhi, mkoba kifuani, na kabla hajasalimiwa alikuwa ameshalizunguka lori lake mara mbili akihesabu matairi. Kumi. Akahesabu na ya tela, kumi na mawili, ingawa tela halikuwa lake. Akagusa betri, akavuta kufuli ya tangi la dizeli, akapitisha kidole kwenye kioo cha pembeni. Shemeji yake alikuwa amesimama ukingoni mwa barabara, shati limemganda mgongoni kwa jasho la siku mbili, akingoja zamu yake ya kukaguliwa.

"Shikamoo, shemeji."

"Marahaba. Ufa huu kwenye kioo ulikuwepo?"

"Tangu uliponunua."

Mwalimu alifungua daftari, akatafuta ukurasa, akaona kwamba kweli ulikuwepo. Akalifunga. Kwake yeye, mtu kusema kweli halikuwa jambo la kupongezwa.

Lori lilikuwa limekufa kwenye kona ya mlima, hatua chache kabla ya daraja, pua juu na mkia umebana nusu ya barabara. Kila gari lililopita lilipunguza mwendo, dereva akatoa kichwa na neno lake. Wachache walitoa pole, wengi walitoa matusi. Askari wa barabarani alikuwa ameshapita asubuhi na mapema akasema maneno machache: ikifika saa nane mchana gari liwe limeondoka, la sivyo wataliondoa wenyewe, na gharama zao hazina mjadala.

Juu ya kioo cha mbele paliandikwa kwa rangi nyekundu JASHO LA CHAKI. Maneno aliyachagua mwenyewe. Mchoraji alitoza kwa herufi, na Mwalimu alizihesabu mara mbili kabla ya kulipa. Herufi kumi na mbili, na ndizo zilizokuwa maisha yake yote: miaka thelathini na minne ya kufundisha hesabu, vumbi la chaki kifuani, magoti yaliyochoka kusimama, halafu siku moja barua ya kustaafu na kiinua mgongo. Wenzake walijenga vyumba vya kupangisha, wakafuga kuku, wakaoza watoto. Yeye alitoa kiinua mgongo chote, akauza na kiwanja alichoachiwa na marehemu mumewe, akanunua kichwa cha lori kwa milioni thelathini na moja. Tela alipewa na kampuni ya saruji, kwa mkataba wa kuwabebea mifuko yao. Pensheni yake ya mwezi ilitosha sabuni na aibu. Lori likifa, Mwalimu hakuwa na kitu kingine, na hilo alilijua kama anavyoijua saba mara nane.

Usukani alimpa shemeji yake, mdogo wa marehemu, mtu aliyeendesha malori ya watu miaka ishirini. Mwaka wa kwanza mambo yalikwenda vizuri. Wa pili, shemeji alipiga simu kusema tairi la akiba, jipya kabisa, limeibiwa. Wiki mbili baadaye Mwalimu alilikuta linauzwa dukani karibu na stendi. Alilitambua kwa namba, maana namba za matairi yote zilikuwa daftarini. Hakumfukuza. Alimfanyia jambo baya zaidi: alimsamehe mbele ya ndugu wote walioitwa kikaoni, tena kwa sauti ya upole, halafu akaanza kumkata nusu.

Yaani pesa yoyote ambayo shemeji aliiomba akiwa njiani, Mwalimu alituma nusu yake. Mara ya kwanza dereva alilala njaa. Mara ya pili alikopa. Mara ya tatu akili ikamkaa sawa, akaanza kutaja mara mbili. Breki za elfu arobaini akasema themanini, ikaja arobaini, kazi ikaendelea. Walikwenda hivyo miaka miwili. Mwalimu alijisifu moyoni kwamba amemdhibiti mwizi wake, shemeji alipata anachohitaji, na hesabu zilitoka sawasawa bila yeyote kusema kweli.

Jambo la pili alilofanya ni kuchukua sanduku la spana. Spana zinauzika. Alilisukumia chini ya kitanda chake, na tangu siku hiyo lori likawa linasafiri bila hata bisibisi.

Ndiyo maana injini ilipozimika mlimani, shemeji alikuwa na maneno tu. "Nadhani dizeli inavuta hewa," alisema kwenye simu. "Ni kitu kidogo, shemeji. Ningekuwa na spana..."

Mwalimu alisikia neno hilo moja, spana, na masikio yakajifunga.

"Basi kuna fundi hapa karibu," shemeji akajaribu tena.

"Asiguse mtu gari langu. Nakuja mwenyewe. Litavutwa mpaka kwa fundi wangu."

Alikwenda benki akatoa kila kilichobaki, akaongeza na kilichokuwa kwenye kopo la jikoni. Milioni moja, laki tatu na elfu hamsini. Nauli ya basi aliazima kwa jirani.

Mwenye winchi, aliyeitwa na shemeji, alifika saa tano. Jina lake hakuna aliyelitumia. Madereva walimwita Pole, kwa kuwa ndilo neno lake la kwanza kila anapofika, na walisema kila pole yake ina bei. Alikuwa mtu mnene, msafi, viatu vinang'aa, na sauti ya kufariji wafiwa. Gari lake la kuvutia lilikuwa na mkono wa chuma nyuma, wa kunyanyua lori kwa pua.

"Pole sana, Mwalimu."

"Nani amekwambia mimi ni mwalimu?"

Pole alimtazama shemeji, shemeji akatazama daraja. "Si imeandikwa hapo," Pole akasema, akionyesha herufi za juu ya kioo. Akachomoa karatasi mfukoni. Bei alikuwa ameshaziandika, na hilo lilimtia Mwalimu shaka, maana huyu alikuwa ameandika dawa kabla ya kumwona mgonjwa.

Karatasi ilikuwa na mistari mitano. Kuvuta kichwa na tela mpaka mjini, milioni moja na laki mbili. Kuchomoa shafti, elfu themanini. Kukodi mnyororo mkubwa, elfu sitini. Kusafisha oili barabarani, elfu hamsini. Posho ya mtu wa taa za tahadhari, elfu arobaini. Mwalimu alijumlisha kwa macho kabla hajafika chini: milioni moja, laki nne na elfu thelathini. Zimezidi alichonacho kwa elfu themanini.

Akatoa kalamu nyekundu. Mwaka wa tano tangu astaafu, bado alitembea nayo.

"Kuna kitu kinatoka hapa," alisema.

"Sigombani na wazazi," Pole akajibu kwa upole. "Kata unachoona hakina maana."

Alianza na mnyororo. Aliuona kwa macho yake, umejikunja kwenye gari la Pole, kila pete nene kama kifundo cha mguu. Bila mnyororo hakuna kuvuta. Akaja kwenye oili. Chini ya lori palikuwa na doa jeusi la ukubwa wa sinia, na askari angeweza kulifanya kesi. Taa za tahadhari nazo, kwenye kona kama ile, hata yeye aliona umuhimu wake. Kalamu ikapanda mpaka mstari wa pili.

"Shafti ni nini?"

"Ule mchuma mrefu hapo chini. Unatoka kwenye giaboksi unakwenda kuzungusha magurudumu ya nyuma."

"Umeharibika?"

"Hapana."

"Kitu kizima kinachomolewa kwa nini?"

"Ndio utaratibu."

"Utaratibu wa nani?"

Pole aliinua mabega. Sababu aliijua vizuri sana, alikuwa ameiona ikiwafilisi watu. Ila hakuna aliyekuwa akimlipa kufundisha, na mteja mwenye kalamu nyekundu humwachi akose raha yake.

"Shemeji," dereva akasema, "hilo usilikate."

Mwalimu aligeuka taratibu, kama alivyokuwa akigeuka ubaoni aliposikia mnong'ono. "Kwa nini?"

"Giaboksi itaungua."

"Itaungua na nini? Injini si imezima?"

"Hata ikizima. Magurudumu yakizunguka, kule ndani nako... yaani oili yake haipandi, sasa zile gia..." Akapata kigugumizi. Alikuwa analijua jambo hilo kwa mikono, miaka ishirini, na hakuwahi kuulizwa alieleze kwa mdomo. "Nipe mimi niichomoe. Bwana Pole ataniazima spana."

"Spana zangu haziazimwi," Pole akasema.

"Karatasi ina mistari mitano," Mwalimu akasema. "Minne umenyamaza. Huu mmoja ndio unaokuwasha. Fungu lako liko humu, shemeji?"

"Haki ya Mungu, hapana."

"Hata kwa lile tairi uliapa hivyohivyo."

 Shemeji alikuwa na neno jingine, lilimpanda mpaka kooni, na Mwalimu aliliona likipanda na likishuka. Akadhani ni uongo uliokosa njia. Akapiga mstari mwekundu juu ya kuchomoa shafti, mstari ulionyooka bila rula, na kilichobaki kikawa milioni moja, laki tatu na elfu hamsini. Sawasawa na kilichokuwa mkobani, bila kuzidi wala kupungua. Ilikuwa siku nyingi hajaona jibu zuri namna hiyo, na kwa kweli alisikia raha.

Pole akaandika chini ya karatasi: mteja amekataa shafti kuchomolewa, lolote litakalotokea ni juu yake. Mwalimu akatia saini ile yenye mikia, aliyokuwa akiitia kwenye ripoti za mwisho wa mwaka.

Lori likanyanyuliwa pua. Magurudumu ya mbele yakaning'inia hewani, ya nyuma yakabaki chini, tela likafuata. Saa saba na nusu walikuwa wameshavuka daraja, nusu saa kabla ya muda wa askari, na Mwalimu, katikati ya Pole na shemeji yake kwenye kiti kimoja kirefu, alikaa wima kama mtu aliyeshinda kesi.

Katikati ya safari Pole alisimama kula. Shemeji hakula. Alishuka, akapita nyuma, akaingiza mkono chini ya lori na kuutoa haraka. Akarudi akipuliza vidole. Alimkuta Mwalimu amekaa kivulini na chupa ya maji, akachuchumaa mbele yake.

"Shemeji, giaboksi inachoma. Tuchomoe shafti hapahapa. Hoteli hii madereva wanalala, sikosi wa kuniazima spana. Naingia chini mwenyewe, hulipi hata senti."

Kama angekaa kimya, huenda Mwalimu angesimama mwenyewe kwenda kugusa. Lakini alikuwa ametaja bei, tena bei ile.

"Hata senti?"

"Bure kabisa."

"Kumbe inaweza kufanywa bure." Mwalimu aliziba chupa yake, akaikaza vizuri. "Na asubuhi ilikuwa elfu themanini. Unaona sasa jinsi mlivyotaka kunila?"

 Shemeji akamgeukia Pole, aliyekuwa akinawa mikono kwa sabuni, kidole kimoja kimoja. "Gari likishafungwa silifungui njiani," Pole akasema bila kuulizwa. "Atakayeingia chini yake likiwa kwenye mkono wangu, damu yake simo." Wakapanda, wakaondoka. Kilomita za mwisho palikuwa na harufu ndani ya gari, na Mwalimu alipouliza, Pole alisema ni breki zake, mlima ulikuwa mkali. Mwalimu aliridhika, maana breki za Pole hazikumhusu.

Fundi wa Mwalimu alikuwa mwanafunzi wake wa zamani. Alimchagua kwa sababu mbili. Moja, alimjua tangu ana kaptura. Ya pili, ambayo hakuisema, alijua bado anamwogopa. Muhula mzima alimsimamisha mbele ya darasa na karatasi ya mtihani imebandikwa kifuani, mbili juu ya ishirini, mpaka watoto wakamwita Mbili. Sasa alikuwa na gereji ya mabati yenye lango, mafundi sita na tumbo. Pole alipokea pesa zake, akazihesabu mara moja tu, akasema "pole sana" ya mwisho na kuondoka.

Mbili alifunua injini akachungulia. Haikuchukua muda. Kwenye njia ya dizeli palikuwa na kipande cha mpira, urefu wa kidole, kimepasuka upande wa chini kinavuta hewa. Alikikata, akatia kingine, akakaza kwa spana moja.

"Ni hicho tu?"

"Ni hicho, Mwalimu. Elfu tatu."

Injini iliwaka mara ya pili, ikanguruma, mabati ya gereji yakatetemeka. Mwalimu aliangua kicheko. Hajacheka hivyo tangu msiba wa mumewe, na mafundi wote sita waligeuka kumtazama bibi mzima anavyocheka na mkoba kifuani. "Elfu tatu," akamwambia shemeji yake kwa sauti ya kusikika na kila mtu. "Wewe ungesema ngapi? Laki? Laki mbili?"

 Shemeji alipanda, akakanyaga klachi, akaingiza gia.

Mlio uliotoka ulikuwa wa mtu anayetafuna kokoto. Lori halikwenda mbele wala nyuma. Akajaribu gia nyingine, ukatoka mlio uleule, mnene zaidi, kisha kitu kikakatika ndani na kunyamaza. Mbili aliinua mkono. "Zima."

Walifungua oili ya giaboksi ikamwagikia kwenye karai. Ilikuwa nyeusi, inanuka kama nywele zilizoungua, na ndani yake mlikuwa na chembe za chuma zinazometameta. Mbili alizisugua katikati ya vidole viwili.

"Shafti ilichomolewa kabla ya kuvuta?"

 Mbili alimtazama dereva, dereva akatazama chini, na hapo macho ya fundi yakahamia kwa mtu pekee aliyekuwa na kalamu nyekundu kwenye mfuko wa blauzi. Alichukua chaki ya kuwekea alama mabati, akachuchumaa, akachora sakafuni visanduku vitatu na mstari mmoja.

"Hii injini. Hii giaboksi. Haya magurudumu ya nyuma. Mstari huu ndio shafti. Sasa, humu kwenye giaboksi kuna pampu inayorusha oili juu ya gia. Pampu inaendeshwa na injini. Injini ikilala, pampu nayo imelala. Lakini gari likiburuzwa, magurudumu yanazungusha shafti, na shafti inazungusha zile gia, kavukavu. Kilomita ngapi mmevuta?"

"Mia moja na arobaini," shemeji akasema.

"Kilomita mia moja na arobaini, kavukavu." Mbili alisimama, akajipangusa chaki mikononi. "Umeelewa, Mwalimu, au nirudie?"

Aliuliza kwa adabu zote. Alikuwa amelingoja swali hilo kuanzia miaka ya kaptura, na sasa alipolipata hakuwa na haraka ya kuliondoa mdomoni. Mwalimu alisema ameelewa.

"Giaboksi nyingine ni bei gani?"

"Iliyotumika, nzima, milioni nane. Ufundi mbali. Na hapa uani gari likilala ni elfu ishirini kwa siku. Kwa mteja mwingine ni thelathini."

Mwalimu alitoka nje ya lango akakaa juu ya tairi bovu. Shemeji yake alimfuata. Alibaki amesimama, mikono nyuma, kama alivyosimama siku ile ya kikao cha tairi.

"Mnyororo ni wake," alisema. "Unakaa kwenye lile gari siku zote. Haukodiwi."

Mwalimu hakuinua kichwa.

"Ile oili ya barabarani ilikuwepo kabla hatujafika. Si yetu. Na mtu wa taa hakuna. Ulimwona mtu wa taa?"

Hakumwona. Mtu aliyehesabu matairi ishirini na mawili hakukumbuka kuhesabu watu.

"Nilimwambia Pole, huyu anayekuja anakata. Hata umwambie nini, lazima akate. Mwandikie vya kukatwa. Akaandika vitatu. Nikajua ukikata viwili vyovyote umepona, ukikata vyote vitatu umerudi na chenji." Akaitazama ile kalamu nyekundu. "Wewe ukaviacha vyote vya uongo. Ukakata kile cha kweli."

"Kwa nini hukusema pale?"

"Ningesema nini? Kwamba nimekaa na mtu kukutungia bei? Mwizi wa tairi? Ungenisikiliza?"

Ulikuwa wakati wa kusema neno moja. Mwalimu alikuwa nalo. Alijua sanduku liko chini ya kitanda chake, alijua kazi ya spana moja na mpira wa elfu tatu imemlia maisha yake, alijua nani alisema nini kwenye simu. Neno lilifika hadi kwenye ulimi, na pale likakutana na mazoea ya miaka miwili.

"Alikupa ngapi?" akauliza.

Machozi yalimlenga yule mtu mzima wa miaka arobaini na saba. Hakuwa amepewa hata senti, na hata kama Mwalimu hakuamini, huo ndio ukweli wake. Alitoa ufunguo wa lori mfukoni, akauweka juu ya tairi karibu na mkoba, akaondoka kwa miguu.

Wiki tatu Mwalimu alihangaika. Benki walimuuliza umri wakamrudishia fomu. Ndugu wa marehemu, walewale wa kikao, walimsikiliza mpaka mwisho, wakamwambia wanalifikiria, na kila mmoja aliendelea kulifikiria. Kampuni ya saruji ilituma mtu na kichwa kingine; alifunga tela lake, akaondoka nalo, na barua ya mkataba ikafuata siku mbili baadaye ikiwa na maneno ya heshima. Kila asubuhi elfu ishirini ikaongezeka. Mbili aliziandika kwa chaki ukutani, mstari mmoja kwa kila siku, na kila Mwalimu alipokuja alimpa kiti akae mkabala na ukuta ule.

Aliyekuja kununua alikuwa Pole.

"Pole sana, Mwalimu. Nimesikia."

Alitaja milioni tano na nusu, kwa kichwa kama kilivyo, auze vipande. Wengine wawili waliokuja kabla yake walikuwa wametaja nne. Mwalimu alimwambia aandike. Pole akaandika mstari mmoja. Mwalimu aliutazama muda mrefu, kalamu nyekundu mkononi, na kwa mara ya kwanza hakuona cha kukata.

"Na spana zake," Pole akaongeza. "Lori huuzwa na spana zake. Nasikia unazo nyumbani."

Alikwenda kuzileta mwenyewe. Alipiga magoti kando ya kitanda, magoti yakalalamika, akalivuta sanduku kwenye vumbi. Lilikuwa zito kuliko alivyokumbuka. Dereva wa teksi aliyembeba alitaka nyongeza kwa ajili ya mzigo, na Mwalimu alimpa bila kubishana, hata yule kijana akashangaa.

Aliporudi gereji, gari la kuvutia lilikuwa limeshaingia uani kinyumenyume, mkono wake wa chuma umeinama mbele ya JASHO LA CHAKI. Mtu aliyeshuka kwenye usukani wake, na ovaroli mpya ya bluu, alikuwa shemeji yake. Pole alikuwa amempa kazi wiki iliyopita. Dereva mzuri hakosi wa kumchukua.

"Shikamoo, shemeji."

"Marahaba."

 Shemeji alilipokea sanduku mikononi mwa Mwalimu, akaliweka chini, akalifungua. Spana zilikuwa zimepangwa kama alivyoziacha, kubwa kushoto, ndogo kulia. Alichagua moja, akaipima mkononi, akalala chali akajisukuma chini ya lori.

"Anafanya nini?" Mwalimu akauliza.

"Anachomoa shafti," Pole akasema.

"Ya nini tena? Si giaboksi imeshakufa."

"Shafti yenyewe ni nzima, Mwalimu. Nina mteja wake. Ikizungushwa na magurudumu huku giaboksi imekwama, itapinda."

Mwalimu alitazama saa yake. Kutoka chini kulisikika chuma kikilegea, pumzi ya mtu anayekaza mkono, kisha nati inadondoka kwenye karai. Ikadondoka ya pili. Alizihesabu zote bila kutaka. Zilipofika nane, mchuma mrefu ukashushwa taratibu kwenye gunia, na shemeji yake akatoka chini akipangusa mikono kwenye ovaroli mpya. Dakika kumi na mbili.

Elfu themanini kwa nati nane ni elfu kumi kwa kila nati. Hesabu ya darasa la nne, isiyohitaji hata karatasi, na Mwalimu aliirudia kichwani mara tatu, na kila mara ilitoka vilevile. Lori lake likanyanyuliwa pua. Shemeji alipanda kwenye usukani wa Pole, akatoka nalo langoni polepole, kwa uangalifu, kama alivyokuwa akiliendesha siku zote.